Kuweka kimlango cha paka kwenye dirisha la vioo viwili: mwongozo kamili kwa nyumba za Goma

Makosa ni yaleyale. Mtu ananunua kimlango cha paka, anaita fundi mwenye mashine ya diski, fundi anagusa kioo, na kioo kinapasuka chote kabla duara halijakamilika. Wengine wanafaulu kupitisha tundu kwenye tabaka zote mbili, wanafunga kimlango, kinafanya kazi vizuri. Mvua za Septemba zikianza, ukungu unajitokeza katikati ya vioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na hautoki tena.

Kioo cha tabaka mbili, kile mafundi wanachokiita dubulu vitraji, hakikatwi kikiwa kimeshatengenezwa. Kinatolewa kizima na kuwekwa pembeni. Nafasi yake inachukuliwa na paneli yenye unene uleule, na tundu la paka linakatwa kwenye paneli. Njia nyingine halali ni moja tu: kuagiza kioo kipya ambacho tundu lake lilikatwa kiwandani kabla vioo havijafungwa pamoja. Hapa tunafuata njia ya paneli. Inawezekana kwa siku mbili, haihitaji kuagiza kitu mbali, na mpangaji anamrudishia mwenye nyumba kioo chake siku ya kuhama, bila ugomvi wa garanti (amana ya pango).

Vifaa vya kuandaa kabla ya kugusa dirisha

- Kimlango cha paka chenye karatasi ya vipimo na skrubu zake. Chagua chenye sumaku ya kukirudisha katikati na kifungo cha namna nne: kuingia na kutoka, kuingia tu, kutoka tu, kufunga kabisa.
- Karatasi mbili za alumini ya tabaka (ile inayofunikia mbele za maduka), unene wa milimita 4, zenye ukubwa wa kioo chako.
- Polistireni ngumu ya unene wa milimita 16, au 12, kulingana na vipimo vya hatua ya 2. Ukipata ya 20 tu, inapunguzwa kwa waya wa moto au msasa.
- Vipande vya mbao kavu vya unene uleule wa polistireni, upana wa sentimita 3 hadi 4.
- Gundi ya poliuretani. Gundi ya viatu inayonuka petroli haifai kabisa, inayeyusha polistireni.
- Tyubu moja ya silikoni isiyo ya asidi, pamoja na bunduki yake.
- Mashine ya kutoboa, msumeno wa umeme wa kukata mviringo wenye meno madogo ya chuma, nyundo ya mpira, kisu kipana cha kupakia mastiki, rula ya mita, kalamu, utepe wa karatasi.
- Glavu za ngozi, miwani ya kulinda macho, na mtu wa pili. Mtu wa pili si hiari.

Karibu vyote vinapatikana katika kenkayeri (maduka ya vifaa vya ujenzi) za mtaa wa Birere. Alumini ya tabaka iulize kwa mafundi wa madirisha na mabango. Mara nyingi wanabaki na vipande vikubwa vinavyokutosha, na watavikata kwa vipimo vyako kwenye meza yao. Kukata kwao kuna faida nyingine: umeme ukikatika katikati ya kazi, dirisha lako halibaki wazi.

Hatua ya 1: Jua una kioo gani

Usiku, shika kiberiti kinachowaka au tochi ya simu karibu na kioo na utazame kutoka pembeni. Kioo kimoja kinarudisha mianga miwili, mmoja kwa kila uso. Vioo viwili vinarudisha minne. Ukitazama ukingoni utaona pia ule ukanda wa alumini unaotenganisha vioo.

Ndani ya ukanda huo kuna chembechembe za kunyonya unyevu, na pande zote zimezibwa ili hewa isipite. Tundu lolote linaipa hewa ya nje njia. Chembechembe zinashiba, halafu mvuke unageuka matone ya maji kwenye uso wa ndani. Ndiyo maana hakuna silikoni inayoweza kuokoa kioo kilichotobolewa nyumbani.

Tazama pia pembe za kioo. Ukikuta muhuri mdogo uliochongwa au kuchapwa, huenda ni kioo kilichopashwa moto na kupozwa haraka ili kiwe kigumu. Hicho kikiguswa na diski kinamwagika chote kuwa punje. Hata fundi hodari hawezi kukikata.

Kama mianga ni miwili tu, una kioo kimoja cha kawaida. Hatua zinazofuata zinakufaa vilevile, ila paneli yako itakuwa karatasi moja ya milimita 4, bila polistireni.

Hatua ya 2: Chagua kipande cha dirisha, na hapa usiharakishe

Kazi nyingi zinaharibika hapa, kabla chombo chochote hakijashikwa.

*Madirisha ya kuteleza.* Nyumba nyingi mpya za Goma zina madirisha ya alumini ambayo mbawa moja inapita mbele ya nyingine. Nafasi kati ya mbawa hizo ni ndogo, na fremu ya kimlango inatokeza kila upande. Ukiiweka kwenye mbawa ya kuteleza, dirisha litagonga fremu na halitafunguka tena hadi mwisho. Tafuta kipande kisichosogea: kile cha chini, cha pembeni, au cha mlango wa alumini wenye kioo chini. Dirisha linalofunguka kwa bawaba nalo linafaa. Kama una ya kuteleza tu, kubali kwamba mbawa itaishia kwenye fremu ya kimlango, na uweke kizuizi kwenye reli ili isigonge.

*Vyuma vya kuzuia wezi.* Hili linasahauliwa na karibu kila mtu. Ubao wa kimlango (kile kipande kinachosukumwa na paka) unabembea kama sentimita 15 hadi 17 kwenda ndani na nje. Kama antivole iko sentimita 7 nyuma ya kioo, ubao utagonga chuma na paka hatapita hata ukimlazimisha. Pima umbali kutoka kioo hadi chuma. Ukiwa chini ya sentimita 20, mwite fundi wa kuchomelea kwanza: akate kipande cha chuma kimoja mbele ya mahali pa kimlango na azungushie fremu ndogo ya sentimita 20 kwa 20 iliyochomelewa kwenye vyuma vilivyobaki. Usikate bila kuzungushia fremu. Chuma kilicholegea kinapinda kwa mkono.

*Mkono wa mwizi.* Kimlango kiwe mbali na kitasa, komeo au ufunguo kwa urefu wa mkono mzima wa mtu mzima, karibu sentimita 90. Ikishindikana, ondoa ufunguo kwenye kitasa kila wakati.

*Upepo na mvua.* Mchana upepo unatoka ziwani. Kwa nyumba za Himbi au Kyeshero, dirisha linalotazama kusini ndilo linalopigwa zaidi. Ukiweza kuchagua, chagua ukuta mwingine.

Ukishachagua, pima unene wa kioo. Vipimo vya kawaida ni milimita 24 (kioo 4, hewa 16, kioo 4) au 20 (4, 12, 4), lakini usikisie. Andika kipimo halisi.

Hatua ya 3: Pima paka, kisha tafuta kimo

Simamisha paka wako, pima kutoka sakafuni hadi tumboni. Kwa paka mzima wa kawaida utapata kama sentimita 12 hadi 15. Ukingo wa chini wa tundu uwe sawa na kipimo hicho au sentimita 2 chini yake, ukihesabu kutoka mahali miguu yake itakaposimama.

Dirishani miguu haisimami sakafuni. Kwa hiyo paka anahitaji kibao ndani na kingine nje, kila kimoja kina wa sentimita 25 hadi 30, vilivyo sawa kwa kimo. Bila kibao atalazimika kuruka na kusukuma ubao kwa pamoja, na atajaribu mara mbili kisha aache. Nje, mawe meusi ya lava yaliyopangwa kama ngazi yanafanya kazi nzuri kuliko ubao wowote: hayaozi, hayatelezi yakilowa, na kila uwanja wa Goma unayo.

Acha angalau sentimita 8 za paneli nzima kati ya tundu na ukingo wa paneli, pande zote.

Hatua ya 4: Tengeneza paneli kabla ya kutoa kioo

Utaratibu huu unalinda nyumba. Ukitoa kioo kwanza, utalala na dirisha wazi.

1. Vipimo vya paneli ni vya kioo chenyewe, si vya fremu unayoiona. Kioo kinaingia ndani ya fremu kwa milimita kadhaa. Fungua kipande kimoja cha alumini kinachoshika kioo (parkloze), pima kioo hadi ukingo wake halisi, kisha rudisha.

2. Kata karatasi mbili za alumini kwa vipimo hivyo. Paneli iingie ikiwa na nafasi ya milimita 3 hivi kila upande, kwa sababu alumini inatanuka jua likiwaka. Paneli iliyobanwa inavimba katikati mchana na kimlango kinaanza kukwama.

3. Juu ya karatasi ya kwanza, gundisha mbao kuzunguka kingo zote. Kisha gundisha mbao nyingine kuzunguka mahali pa tundu, kama fremu ndani ya fremu. Usiruke mbao hizi za pili. Skrubu za kimlango zinabana pande mbili za paneli. Bila mbao zinaponda polistireni, alumini inabonyea, na fremu ya kimlango inapinda.

4. Jaza nafasi zilizobaki kwa polistireni. Jaribu gundi kwenye kipande cha kutupa kwanza: ikitoa tundu ndani ya dakika 10, si gundi sahihi.

5. Funika kwa karatasi ya pili, weka juu ya sakafu tambarare, pakia matofali juu yake sawasawa, acha usiku mzima.

Asubuhi pima unene mahali pengi. Tofauti na kioo isizidi milimita 1. Paneli nene zaidi haitaruhusu parkloze kurudi. Nyembamba zaidi itagongagonga kila upepo ukivuma.

Hatua ya 5: Kata tundu

Kwenye paneli una uhuru ambao kioo hakina: tundu linaweza kuwa la mraba, moja kwa moja kwa kufuata karatasi ya vipimo. Pima ile karatasi kwa rula kabla ya kuiamini, hasa kama uliichapisha mwenyewe kutoka intaneti. Mashine za kuchapa hupunguza ukubwa, na tundu lenye upungufu wa asilimia 4 halitapokea fremu.

Bandika utepe wa karatasi mahali pa kukata ili rangi isichanike. Chora juu ya utepe. Toboa pembe nne kwa msumari wa mashine wa milimita 10, ingiza msumeno, kata polepole upande mmoja baada ya mwingine. Ukisukuma kwa nguvu, plastiki iliyo katikati ya alumini inapata moto na kunasa meno.

Ukingo wa tundu ni mkali. Pitisha msasa mpaka kidole kiteleze bila kukwaruzwa, kisha paka silikoni nyembamba kwenye mbao zilizo wazi pande zote nne. Maji yakiingia kwenye mbao hizo, paneli itavimba ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Tundu likikatwa vizuri, fremu ya kimlango inaingia kwa kusukumwa na kidole, ina mchezo wa milimita 1 au 2, na haihitaji nyundo.

Hatua ya 6: Toa kioo

Chagua asubuhi isiyo na mawingu. Jua uzito kwanza: kioo cha unene wa milimita 1 kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba. Dirisha la sentimita 70 kwa 100 lenye vioo viwili vya milimita 4 lina kilo 14. Si mzigo mkubwa, lakini ni mzigo unaokata.

Vua mpira wa kuzuia maji. Tambua parkloze iliyowekwa mwisho. Zikiwa zimekatwa kwa mshazari pembeni, anza na iliyo ndefu zaidi. Ingiza kisu kipana katikati yake, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira, uisukume kuelekea katikati ya chumba. Ikitoka ya kwanza, nyingine zinalegea. Ziandike namba kwa kalamu, kwa sababu zile mbili ndefu hazifanani kila mara.

Mtu wa pili ashike kioo kuanzia parkloze ya pili inapotoka. Kiinamisheni ndani, kiinueni pamoja.

Chini ya kioo utakuta vikabari vidogo vya plastiki. Vipige picha kabla ya kuvigusa. Vinabeba uzito na kuinua kioo juu ya maji yanayokusanyika kwenye fremu; vitarudi palepale chini ya paneli.

Kioo kihifadhiwe kimesimama juu ya vipande vya mbao, kimeegemea ukuta kidogo, kimefunikwa kwa katoni, mbali na jua. Kikilazwa kinapinda kwa uzito wake. Na kama lazima kihame nyumba nyingine, kiende kwenye gari kikiwa wima. Paneli inaweza kupanda chukudu (skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo), kioo hapana.

Hatua ya 7: Weka paneli, kisha kimlango

Safisha fremu. Kwa Goma hiyo ni kazi yenyewe: vumbi jeusi la volkeno limejaa kwenye pembe, ni kali kama msasa, na silikoni haishiki juu yake. Brashi kavu kwanza, kitambaa chenye maji, kisha acha pakauke. Chini ya fremu kuna matundu membamba ya kutoa maji. Yazibue kwa waya.

Rudisha vikabari, simamisha paneli juu yake, rudisha parkloze fupi kwanza na ndefu mwisho, kisha mpira. Utando wa plastiki unaofunika alumini uubandue sasa. Ukiachwa miezi kwenye jua, gundi yake inashika na hautoki.

Weka fremu ya nje na ya ndani ya kimlango. Angalia urefu wa skrubu: zile za kwenye boksi mara nyingi ni za mlango mwembamba. Kwa paneli ya milimita 24 huenda ukahitaji ndefu zaidi, zenye unene uleule. Kama kuna pengo kati ya fremu mbili ndani ya tundu, lizibe kwa ukanda mwembamba wa alumini uliokunjwa, ili paka asikanyage mbao na mkojo au maji yasiingie.

Kaza skrubu kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo. Baada ya kila mzunguko sukuma ubao kwa kidole. Ukiona unaanza kusugua pembeni, umekaza kupita kiasi. Legeza robo mzunguko. Ubao ulio sawa unabembea mara tatu au nne, kisha unasimama katikati wenyewe na sumaku inaushika.

Hatua ya 8: Silikoni

Nunua isiyo ya asidi. Ile inayonuka siki inakula chuma na inaharibu kile kizibo cha kingo za kioo cha tabaka mbili, kwa hiyo isikae karibu na madirisha mengine ya aina hii.

Kwa nje, pitisha mstari mmoja juu ya fremu ya kimlango na pande zake mbili. Upande wa chini uache wazi, maji yanayopenya yapate pa kutokea. Usizibe yale matundu ya fremu ya dirisha, hata kama yanakukera macho.

Silikoni inakauka milimita 2 hadi 3 kwa siku. Mfungie paka chumba kingine saa 24. Manyoya yakigusa silikoni mbichi hayatoki ila kwa mkasi.

Baada ya hapo mwaga ndoo ya maji kutoka juu, kutoka nje, mtu akitazama ndani. Matone machache kwenye ukingo wa ubao ni ya kawaida. Maji yanayotiririka ukutani si ya kawaida: tafuta kona ya juu, mara nyingi ndipo mstari ulipokatika. Kama dirisha linapigwa na upepo wa ziwa, funga kofia ndogo ya alumini ya sentimita 15 juu ya kimlango.

Hatua ya 9: Mfundishe paka

Siku mbili za kwanza, bandika ubao juu kwa utepe ili njia iwe wazi kabisa. Weka sambaza (samaki wadogo wa ziwani) chache zilizokaangwa bila chumvi upande wa pili, na umwite. Siku ya tatu, shusha ubao nusu kwa kibanio cha nguo. Siku ya tano, uache ufunge wenyewe.

Usimshike na kumsukuma apite. Paka aliyesukumwa mara moja atalikwepa dirisha hilo kwa wiki nyingi. Akisita kwenye sauti ya sumaku, bandika kipande cha utepe juu ya sumaku kwa siku chache ili ipungue nguvu.

Mapaka ya jirani yataijua njia hiyo haraka, na panya pia. Usiku geuza kifungo kwenye "kuingia tu", na paka wako akisharudi, funga kabisa. Kama wageni wanazidi, kuna vimlango vinavyosoma chipu iliyo chini ya ngozi ya paka, vinatumia betri za kawaida, na umeme ukikatika haviathiriki. Vinafaa kama paka wako ana chipu.

Kikianza kusumbua

Ubao haurudi katikati: vumbi limejaa kwenye bawaba. Pitisha brashi kavu ya meno kila wiki mbili, na kila wiki wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Usitie mafuta, yanashika vumbi na kutengeneza tope linalosaga plastiki.

Paneli inagonga upepo ukivuma: mpira wa parkloze ni mwembamba mno. Badilisha kwa mnene zaidi, usijaze silikoni, la sivyo kioo cha asili hakitarudi kirahisi.

Paneli imevimba karibu na tundu: maji yamefika kwenye mbao. Fungua kimlango, acha pakauke siku kadhaa za jua, paka silikoni upya kwenye ukingo wote. Kama mbao zimeoza, tengeneza paneli nyingine. Kioo chako bado kiko ukutani, kizima, na kinaweza kushika nafasi yake kwa muda huo.